Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Mwananchi dhidi ya Utumwa wa Kisasa na Usafirishaji Haramu wa Binadamu, Dodoma na Singida

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wanakijiji, walimu, viongozi wa dini, wanavikoba, madereva na yeyote mwingine anayeona jambo haliko sawa na anataka kulifuatilia mpaka ofisi husika ichukue hatua.

Utumwa ulishafutwa. Kwa nini bado tunauita utumwa?

Kisheria ulifutwa Tanganyika mwaka 1922. Kilichobaki ni hali ile ile bila minyororo: mtu anafanyishwa kazi asiyoweza kuiacha kwa sababu ametishwa, amedanganywa, anadaiwa, au simu na vitambulisho vyake vimeshikiliwa. Makadirio ya Shirika la Kazi Duniani na wenzake kwa mwaka 2021 yanataja watu milioni 50 duniani: milioni 28 katika kazi za shuruti na milioni 22 katika ndoa za kulazimishwa.

Usafirishaji haramu wa binadamu ni njia ya kumfikisha mtu kwenye hali hiyo. Tanzania ina sheria yake, Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, na iliridhia Itifaki ya Palermo, mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji huo, mwaka 2006. Mambo ya kuyatazama ni matatu. La kwanza ni kitendo: kumtafuta mtu, kumsafirisha, kumpokea au kumhifadhi. La pili ni njia iliyotumika, kama udanganyifu, vitisho au kutumia shida yake. La tatu ni lengo, yaani kumtumikisha. Kwa mtoto, maana yake yeyote aliye chini ya miaka 18, Itifaki haidai uthibitishe njia. Kitendo na lengo vinatosha. Ridhaa ya mtoto, au ya mzazi wake, haimwokoi mtuhumiwa.

Si lazima mpaka uvukwe. Binti akitolewa Kondoa na kupelekwa Dar es Salaam, hilo linatosha.

Kumpeleka mtoto kwa shangazi mjini nako ni usafirishaji haramu?

Hapana, na ni lazima tuwe waangalifu hapa. Kulelewa na ndugu ni desturi yetu, na watoto wengi wamesoma kwa njia hiyo. Mtetezi anayeita kila shangazi mhalifu hupoteza kijiji chake ndani ya wiki moja.

Tofauti iko kwenye maisha ya mtoto baada ya kufika. Anasoma shule gani, darasa la ngapi? Watoto wa mwenye nyumba wanasoma na yeye yuko jikoni? Anaongea na mama yake kwa simu akiwa peke yake, au spika huwashwa na mtu amesimama pembeni? Analala saa ngapi, anaamka saa ngapi? Kama kuna malipo, nani anayapokea? Jibu la kawaida kwa swali hili la mwisho ni kwamba "mshahara anatunziwa", au kwamba anapewa yule aliyemleta. Jibu hilo peke yake latosha kuendelea kuuliza.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka umri wa chini wa kufanya kazi kuwa miaka 14, tena kazi nyepesi isiyomharibia masomo. Inakataza kazi hatarishi kwa mtoto, na inakataza kumfanyisha kazi usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Binti wa miaka 13 anayeamka saa 11 alfajiri kuchemsha chai na kufungwa mgongoni mtoto wa mwenye nyumba mpaka saa 4 usiku hahitaji mjadala mrefu.

Kwa nini mikoa ya kati?

Mvua ni ya msimu mmoja, kati ya Novemba au Desemba na Aprili. Ikikatika mapema, mtama na uwele havitoshi, na miezi ya kabla ya mavuno inakuwa migumu. Hapo ndipo anapotokea dalali, mtu mwenye maneno matamu na nauli mkononi. Wakati huo huo, mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, kisha watoto wanakaa nyumbani wakisubiri matokeo na nafasi za kidato cha kwanza mwezi Januari. Miezi hiyo ndiyo dirisha la dalali. Mzazi aliyekwisha kukata tamaa ya sare, madaftari na michango hukubali haraka.

Halafu kuna barabara. Dodoma ni njia panda ya kwenda Dar es Salaam, Arusha, Iringa, Singida na Mwanza, na tangu 2024 treni ya SGR inafika. Urahisi wa safari ni baraka kwa biashara, na dalali naye anaufaidi.

Sura inayoonekana zaidi ni mabinti wa kazi za ndani. Wapo pia wavulana wanaochukuliwa kuchunga mifugo ya watu mbali na kwao, vijana wa machimboni, na wanaopelekwa mashambani kwa ahadi ya kulipwa baada ya mavuno.

Dalali anafananaje?

Mara nyingi ni mtu anayejulikana: mama wa jirani, binti aliyewahi kufanya kazi mjini, ndugu wa mbali aliyekuja msibani. Ana namba za mabosi, na hulipwa kwa kila kichwa. Nauli inatumwa kwa simu, na nauli hiyo hiyo inageuka deni. Mtoto anaambiwa mshahara wa miezi miwili au mitatu ya kwanza utakatwa "kufidia". Akiomba kuondoka kabla, anaambiwa alipe kwanza.

Dalili zinazojirudia: safari inapangwa kwa haraka, ya alfajiri, jina la mwajiri halitajwi, anayesindikiza ana watoto wawili au watatu wasio ndugu, mtoto amefundishwa kusema umri mkubwa kuliko wake, mzazi hana anwani, ana namba moja tu ya simu, na baada ya wiki chache haipatikani.

Nimeona jambo linatia shaka sasa hivi, stendi. Nifanye nini?

Piga 112 ya polisi au 116, simu ya huduma kwa mtoto, ambayo ni bure. Stendi kubwa kama Nanenane pale Nzuguni kuna polisi. Mfuate askari mwenyewe kama yuko karibu. Usimkabili msindikizaji, usimkwapue mtoto, usipige kelele za mwizi. Watu wakijaa, dalali huyeyuka, mtoto naye hutishika na kusema huyo ni mama yake. Mbaya zaidi, unaweza kusababisha mtu asiye na hatia apigwe.

Andika papo hapo, hata nyuma ya risiti: namba za usajili wa gari, jina la basi, saa ya kuondoka na linakoelekea, mavazi ya msindikizaji, idadi ya watoto, maneno uliyoyasikia kama yalivyosemwa. Basi likiondoka kabla askari hajafika, namba za usajili ndizo zitakazowezesha lisimamishwe mbele ya safari.

Usirushe picha ya mtoto kwenye makundi ya WhatsApp. Unampa dalali taarifa kwamba anatafutwa, na unamwachia mtoto alama itakayomfuata mpaka ukubwani.

Na kama ni nyumba ya jirani, si dharura?

Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa anapojua haki za mtoto zinavunjwa. Mwenye taarifa anapokwenda kwa Mtendaji au Afisa Ustawi wa Jamii haendi kwa umbea. Anatimiza wajibu wa kisheria.

Nenda na maandishi. Taarifa ya mdomo husikilizwa, watu wakasikitika, ikaishia hapo. Ukurasa mmoja unatosha, kwa nakala mbili; ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa na iandikwe tarehe. Mfano:

"Kwa Afisa Ustawi wa Jamii, Kata ya … YAH: TAARIFA YA MTOTO ANAYETUMIKISHWA. Katika nyumba iliyopo Mtaa wa …, jirani na …, anaishi mtoto wa kike anayekadiriwa kuwa na miaka 12. Haendi shule. Tarehe … saa … alionekana akichota maji bombani na alikuwa na uvimbe mkono wa kushoto. Tarehe … alisema ametoka Wilaya ya Mpwapwa na hajaongea na mama yake tangu aletwe. Ninaomba mtembelee nyumba hii na kunijulisha hatua ndani ya siku 7. Ninaomba jina langu lisitajwe kwa mwenye nyumba."

Tarehe, saa, ulichokiona kwa macho, ulichoambiwa na nani. Usiandike "anateswa sana", andika ulichokiona. Nakala nyingine ipeleke Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Ofisi mbili zikijua kwamba kila moja inajua, faili halilali.

Nikiogopa kisasi?

Hofu hiyo ina msingi, hasa kijijini ambako kila mtu anajua nani aliingia ofisi gani. Ipo Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, na 116 unaweza kupiga bila kwenda ofisini. Njia nyingine inayosaidia sana ni taarifa kupelekwa na kikundi, kwa mfano kamati ya shule au jumuiya, ili isiwe na sura ya mtu mmoja.

Kwa nini kesi nyingi zinaanguka?

Hapa ndipo mtetezi wa kawaida anaweza kufanya tofauti kubwa kuliko kwenye semina kumi, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Sababu ya kwanza ni umri kutothibitishwa. Mhanga akiwa mtoto kosa linahesabiwa zito zaidi, lakini mahakama haikadirii umri kwa kumtazama. Inahitaji cheti cha kuzaliwa, au ushahidi wa mzazi au wa daktari. Pale ambapo cheti hakipo, kusanya mapema kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo na rejista ya shule, na mtafute mzazi atakayesimama kutaja tarehe ya kuzaliwa mwanawe. Kazi hii ni ya wiki ya kwanza. Miezi sita baadaye kadi imeshaliwa na mchwa.

Ya pili, mtoto anarudishwa kwao kabla hajaandika maelezo polisi. Watu wema wanachanga nauli, wanampandisha basi, wanapongezana. Kesi imekufa hapo. Mpeleke kwanza Dawati, aandike maelezo, achukuliwe PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kama kuna majeraha, upewe namba ya RB, yaani ya kumbukumbu ya taarifa kituoni, na jina la mpelelezi, ndipo Ustawi wa Jamii wapange arejee kwa nani. Swali hilo la mwisho ni zito: kama mjomba ndiye aliyepokea pesa ya dalali, kumrudisha kwa mjomba ni kumwandalia safari ya pili.

Ya tatu, kumalizana kifamilia. Wazee wanakaa, mbuzi au fedha zinatolewa, mama anakwenda kusema "nimesamehe". Kosa la jinai si mali ya familia kulisamehe, lakini shahidi akikaa kimya, mwendesha mashtaka hana cha kushika. Mtetezi anatakiwa awe ameshaongea na mama huyo kabla wazee hawajafika, na amweleze bila kumlaumu kwamba naye alidanganywa.

Ya nne ni nauli ya shahidi. Mama wa Chemba anayeitwa mahakamani mjini mara tatu na kesi ikaahirishwa mara tatu, ya nne hatakuja. Kikundi kikitenga fedha kidogo kwa nauli na chakula cha mashahidi, kitakuwa kimefanya jambo lenye uzito kuliko fulana na mabango.

Ukiombwa pesa ili faili litembee au ili upewe PF3, hiyo ni rushwa. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapatikana kwa 113, bure.

Je, mtuhumiwa si atalipa faini tu na kuondoka?

Huko nyuma sheria iliacha mwanya wa faini badala ya kifungo. Marekebisho ya mwaka 2022 yaliuziba. Ni mfano wa jambo lililobadilika baada ya watu kulisemea kwa miaka, na linafaa kutajwa kwenye mikutano, kwa sababu wananchi wengi bado wanaamini mwenye pesa hafungwi.

Binti amerudi bila mshahara wake. Kuna njia?

Ipo. Mfanyakazi wa ndani ni mfanyakazi, na Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ina kipengele chake. Viwango hubadilishwa, kwa hiyo ulizia cha sasa kwa Afisa Kazi. Mgogoro unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa kujaza fomu namba 1 ya Tume. Muda ni mfupi: siku 30 kama anapinga kuachishwa kazi, siku 60 kwa madai mengine kama mshahara. Siku zikipita, anaweza kuomba kuongezewa muda kwa kueleza sababu za kuchelewa, na kufungiwa ndani bila simu ni sababu ya kueleza. Madai haya hayazuii kesi ya jinai. Mambo mawili yanaweza kwenda pamoja. Asisaini kitu chochote kutoka kwa mwajiri kabla ya kusomewa na mtu anayemwamini. Kwa asiye na wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria ngazi ya jamii; ulizia halmashauri wako wapi.

Ajira za Uarabuni zote ni mtego?

La. Wapo waliokwenda wakajenga. Hatari iko kwa anayekwenda kwa viza ya matembezi, bila mkataba wa maandishi, kupitia wakala asiye na kibali. Thibitisha kibali cha wakala kwa Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA. Kanuni za Shirika la Kazi Duniani zinasema gharama za kutafutiwa kazi zibebwe na mwajiri, hivyo anayekudai mamilioni kabla ya safari anakujengea deni. Acha nyumbani nakala za pasipoti, viza, mkataba na anwani ya mwajiri. Kubalianeni neno moja la siri, ambalo ukilisema kwenye simu maana yake una shida. Tanzania ina balozi Muscat, Riyadh, Abu Dhabi na Doha. Andika namba zao kwenye karatasi, kwa sababu simu ndiyo kitu cha kwanza kuchukuliwa.

Vijana wa kompyuta nao wajihadhari na ofa za "huduma kwa wateja" huko Asia ya Kusini-Mashariki. Umoja wa Mataifa umeeleza jinsi watu wanavyofungiwa kwenye majengo na kulazimishwa kutapeli wengine mtandaoni.

Wahamiaji wanaokamatwa wakipita kwetu ni wahanga?

Inategemea, na ndiyo maana waulizwe kabla ya kuhukumiwa. Anayelipa kuvushwa mpaka na kuachwa aende zake amefanyiwa magendo ya wahamiaji. Anayefika na kushikiliwa ili alipe deni kwa kazi ameingia kwenye usafirishaji haramu. Mtu mmoja anaweza kuanza safari kwa hili akamaliza kwa lile. Juni 2012 Wahabeshi zaidi ya 40 walikutwa wamekufa mkoani Dodoma baada ya kusafirishwa ndani ya lori lililofungwa. Ukisikia kugonga au sauti ndani ya lori au kontena, piga 112 kabla ya kufikiria viza ya mtu.

Tukitaka kubadilisha mambo, si kuokoa mmoja mmoja tu, tuanzie wapi?

Anzeni kijijini. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa walau kila miezi mitatu. Ombeni ajenda kwa barua kwa Mtendaji wa Kijiji, na muipeleke Agosti, kabla ya mtihani wa darasa la saba. Lengo moja tu: kijiji kiwe na daftari la watoto wanaoondoka bila mzazi, likitaja anakwenda kwa nani, wapi, namba mbili za simu, na mzazi asaini. Likionekana kufaa, ligeuzwe sheria ndogo: halmashauri ya kijiji inaandaa rasimu, mkutano mkuu unatoa maoni, halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Daftari lihusu walio chini ya miaka 18 pekee. Mkianza kuwazuia wanawake watu wazima kusafiri, mmevunja haki yao, na sheria ndogo hiyo haitapita wala haistahili kupita.

Kuna pia kamati za ulinzi wa wanawake na watoto zilizoundwa chini ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, kuanzia kijiji hadi mkoa. Sehemu nyingi zipo kwenye karatasi tu. Ombeni orodha ya wajumbe na muhtasari wa kikao cha mwisho. Ombi hilo peke yake huitisha kikao.

Halmashauri inatusikiliza kweli?

Inasikiliza wenye takwimu na wanaofika kwa wakati. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na bajeti hupikwa miezi mingi kabla, kuanzia mipango ya vijiji na mitaa kabla ya mwaka mpya. Kikundi kinachofika Mei kudai gari la Ustawi wa Jamii kimechelewa mwaka mzima.

Tumieni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Mwananchi anaomba kwa maandishi, ofisi ina siku 30 kujibu. Ulizeni mambo yanayohesabika: mashauri mangapi ya watoto kutumikishwa yalipokelewa mwaka jana, mangapi yalifika mahakamani, kata ngapi hazina Afisa Ustawi wa Jamii, kiasi gani kilitengwa kwa mafuta na kiasi gani kilitolewa. Pengo kati ya kutengwa na kutolewa ndiyo hoja yenu kwa diwani.

Na Bunge, kwa kuwa liko hapa hapa?

Mkazi wa Dodoma ana nafasi ambayo wa Kigoma hana. Kamati za Bunge hualika maoni ya wadau kuhusu miswada. Tangazo linaweza kuwapa siku chache tu, kwa hiyo ukurasa wenu wa hoja uwe tayari. Mbunge apewe karatasi moja yenye wilaya yake, tatizo moja na swali moja analoweza kuliuliza bungeni kama lilivyo. Sekretarieti ya kupambana na usafirishaji haramu iko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, ambayo nayo makao yake yapo Dodoma. Barua inapelekwa kwa mkono.

Mkipanga mkusanyiko wa hadhara au maandamano, polisi wapewe taarifa ya maandishi si chini ya saa 48 kabla. Siku inayofaa ni Julai 30, siku ya dunia ya kupinga biashara hii, na inawahi msimu wa madalali.

Tunaweza kutumia ushuhuda wa manusura?

Kwa idhini yake akiwa mtu mzima, na kwa hadhari kubwa. Asiandaliwe jukwaani siku hiyo hiyo. Asomewe kitakachoandikwa, abadilishe atakacho, aweze kukataa hata asubuhi ya tukio. Ondoeni jina, kijiji, kabila na shule. Mtoto asionyeshwe kabisa, hata kwa mgongo. Kwao watamtambua kwa gauni. Hoja nyingi hazihitaji sura ya mtu, zinahitaji ile barua yenye muhuri na tarehe.

Namba zipi tubandike, na wapi?

116, 112 na 113. Ziandikwe kwa rangi nzito, si kwa karatasi ya kuchanwa na upepo: ukutani kwenye zahanati, mlango wa ndani wa choo cha shule, bombani, mashine ya kusaga, kibanda cha tiketi. Mlango wa ndani wa choo una faida yake, kwani hapo mtoto husoma bila msindikizaji kumtazama. Msiandike "ripoti usafirishaji haramu wa binadamu". Mtoto wa miaka 12 hajioni humo. Andikeni: "Umeletwa kufanya kazi na huruhusiwi kurudi nyumbani? Piga 116. Ni bure, hata kama simu haina salio."